Mabao pekee hayapimi maendeleo ya mchezaji chipukizi wa magongo

Wazazi wengi huhesabu mabao, na mtoto asipofunga mechi tatu mfululizo husema ameshuka kiwango. Hesabu hiyo inapotosha. Katika mpira wa magongo, bao hukubaliwa tu iwapo mshambuliaji ameugusa mpira kwa gongo ndani ya duara la kufungia, yaani eneo lililochorwa mbele ya goli, hivyo beki hodari anaweza kumaliza msimu mzima bila bao hata moja.

Tazama kwanza anavyopokea. Mpira unatulia kwenye gongo, au unadunda mita mbili mbele? Kosa hili mara nyingi hutokana na mkono wa chini kubana gongo mno. Ukilegezwa kidogo, gongo huumeza mwendo wa mpira. Je, huinua macho kabla mpira haujamfikia, ajue pasi inayofuata inakwenda wapi? Hapa ndipo maendeleo makubwa hujificha, na ni rahisi kuyakosa ukitazama mpira tu.

Chukua daftari. Kwa dakika 10 za kila mechi, andika mipira aliyopokea, aliyopoteza, na mara alizokimbia kurudi kukaba baada ya kupoteza. Linganisha baada ya mechi 5, si moja, maana mpinzani dhaifu humpamba kila mtu.