Kabla ya Kutuma Picha ya Umbo, Hakikisha Umbo Hilo Ni la Jengo na Si la Kamera

Tangu tutangaze wito wa kukusanya picha za maumbo ya kijiometri katika majengo na kazi za sanaa, wananchi wengi wameitikia, nasi tunawashukuru. Picha nyingi pia zimerudishwa, na waliorudishiwa wameandika kulalamika kwamba picha nzuri zimekataliwa. Ni kweli, nyingine ni nzuri sana. Lakini hifadhi yetu ya kumbukumbu haipokei picha kwa uzuri peke yake. Atakayeitazama picha hiyo miaka 50 ijayo atataka kujua kama pembetatu anayoiona ilijengwa na fundi au ilitokana na simu iliyoelekezwa juu.

Kosa linaloongoza ndilo hilo. Ukisimama karibu na jengo refu na kuinua kamera ili upate paa, kuta mbili zilizojengwa wima na sambamba zinaanza kukaribiana kadiri zinavyopanda. Mstatili unageuka trapeza. Wapo wanaotuandikia kwamba lenzi yao ni ya bei kubwa, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa lao. Bei haihusiki hata kidogo. Mistari ya wima hubaki sambamba kwenye picha pale tu kihisi cha kamera, yaani kibapa cha ndani kinachopokea mwanga, kinaposimama wima kama ukuta wenyewe. Kikilala nyuma nyuzi chache, mistari inakutana.

Dawa yake ni kurudi nyuma. Washa mistari ya gridi, shika simu wima kabisa, usiiinue. Kwa lenzi kuu ya simu nyingi, ambayo ni sawa na milimita 26 hivi kwa kipimo cha kamera kubwa, simama umbali wa mara moja na nusu ya kimo cha jengo. Jengo la mita 20 linahitaji mita 30 hivi. Nusu ya chini ya picha itajaa ardhi. Iache, utaikata baadaye. Ukikosa nafasi, panda ghorofa ya jengo la mkabala hadi karibu na nusu ya kimo cha jengo unalopiga, au tumia lenzi inayosogezwa juu huku kamera ikibaki wima. Lenzi pana zaidi ya simu itakuingizia paa, lakini inaleta tatizo jingine nitakalolieleza.

Sasa kuhusu kitufe cha kunyoosha kwenye programu za kuhariri. Tumeombwa mara nyingi tukubali picha zilizonyooshwa, na tunazikubali, mradi kamera haikuinuliwa zaidi ya nyuzi 10. Zaidi ya hapo sehemu ya juu huvutwa sana: pikseli zinatawanyika, madirisha ya juu yanapoteza makali, na uwiano wa kimo kwa upana hauaminiki tena. Ukishanyoosha, pima dirisha moja la chini na moja la juu ambayo unajua yanalingana. Yakitofautiana kwenye picha, hujamaliza.

Na tafadhali, kitufe hicho hakilijui jengo. Kinatafuta mistari inayokaribia kuwa wima na kuilazimisha iwe wima. Transamerica Pyramid ya San Francisco, iliyokamilika mwaka 1972, ina kimo cha mita 260 na inapungua upana hadi kwenye ncha; hivyo ndivyo ilivyobuniwa. Jengo lililokuwa likiitwa John Hancock Center, Chicago, nalo lina kuta zinazoegemea ndani. Ukizinyoosha kuta za namna hii umechora jengo ambalo halipo. Kwa majengo yanayochongoka, nyoosha kwa kufuata mstari wa katikati wa jengo au fremu ya mlango wa jengo jirani, usifuate kingo za jengo lenyewe. Mnara wa Pisa ni mgumu zaidi: baada ya kazi ya kuuimarisha iliyomalizika mwaka 2001 umebaki na mwinamo wa nyuzi 4 hivi, tena umepinda kidogo kwa sababu wajenzi walijaribu kufidia mwinamo huo kadiri walivyopandisha ghorofa. Pale hakuna mstari wa kutegemea isipokuwa majengo ya kando yake.

Hata mlalo haupaswi kuaminiwa kwa macho. Jukwaa linalobeba nguzo za Parthenon, hekalu la kale la Athens, halikunyooka. Limeinuka katikati kwa sentimita 6 hivi kwenye pande fupi na sentimita 11 hivi kwenye pande ndefu, kwa makusudi. Anayetumia zana ya kuondoa mpindo wa lenzi bila kuchagua lenzi aliyopigia, akivuta kitelezi mpaka mstari uonekane umenyooka, anafuta kazi ambayo wajenzi waliifanya kwa hesabu kubwa. Chagua lenzi yako kwenye orodha ya programu, uache hapo.

Jambo la uwiano wa dhahabu, yaani 1 kwa 1.618 hivi, unaodaiwa kuwemo kwenye majengo maarufu, tungependa lipumzike. Tunapokea picha za Parthenon zilizochorewa juu yake mzunguko wa konokono unaofuata uwiano huo kama ushahidi. Jukwaa hilo lina mita 30.88 kwa 69.50, yaani 4 kwa 9, ambao si uwiano huo. Picha yenye michoro ya juu namna hiyo inarudishwa bila kujadiliwa.

Duara na tufe vinachanganywa, nalo ni jambo linalostahili subira. Duara bapa, kama tundu la juu ya kuba la Pantheon, hekalu la kale la Roma, hubaki duara kamili kwenye picha ikiwa kihisi kiko sambamba nalo, hata likiwa pembeni mwa fremu. Ukiinamisha kamera linakuwa duaradufu. Kwa hiyo wengi hulaza simu sakafuni ikitazama juu, na ni mbinu nzuri, ila sakafu ya Pantheon imeinuliwa kidogo katikati ili maji ya mvua yanayoingia tunduni yatoke. Ukilaza simu mbali na katikati, imeinama tayari. Angalia pima maji ya ndani ya simu kwanza. Inafaa kuhangaika, kwa kuwa uzuri wa jengo lile uko kwenye kipimo chenyewe: kipenyo cha ndani na kimo kutoka sakafuni hadi tunduni vinalingana, mita 43.3 hivi, kiasi kwamba tufe zima lingeenea ndani yake.

Tufe lina tabia nyingine. Halina upande bapa wa kulinganisha na kihisi, na lenzi pana hulivuta kuelekea ukingoni. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera kubwa ya fremu kamili, tufe lililo ukingoni kulia au kushoto linaonekana na upana unaozidi kimo chake kwa robo. Kwa milimita 50 ziada hiyo inashuka hadi asilimia 6 hivi. Ndiyo maana picha za Atomium, jengo la Brussels lililoundwa kwa matufe, zilizopigwa kwa karibu zinaonyesha matufe ya pembeni kama mayai, ilhali yote 9 yana kipenyo kilekile cha mita 18. Weka tufe katikati, au rudi nyuma utumie lenzi ndefu.

Kwa piramidi, andika ulisimama wapi. Uso wa Piramidi Kuu ya Giza uliinuka kwa karibu nyuzi 52. Ukitazama kwa mbali ukiuelekea uso mmoja, ndiyo pembe utakayoipata. Ukisimama mkabala na kona, unapima mstari wa kona, ambao una nyuzi 42 tu. Picha zote mbili ni sahihi. Isiyo na maelezo haitusaidii.

Kazi za sanaa zilizo bapa zina utaratibu wake. Kitovu cha lenzi kiwe mkabala na kitovu cha turubai, lenzi iwe ya milimita 50 hadi 100, taa mbili zipige kutoka kushoto na kulia kwa nyuzi 45. Kuhakikisha kamera iko sambamba, mwombe msimamizi wa kazi hiyo ashike kioo kidogo bapa mbele ya kitovu cha picha, kikiwa sambamba nayo bila kugusa rangi. Sogeza kamera mpaka uone lenzi yako katikati kabisa ya kioo, na kioo katikati ya fremu. Kisha kioo kiondolewe, upige.

Usikate kingo. Mraba mweusi wa mchoraji Kazimir Malevich wa mwaka 1915 uko kwenye turubai ya sentimita 79.5 kwa 79.5, na pande za mraba wenyewe haziko sambamba na kingo za turubai. Ukikata kwa kufuata rangi nyeusi, umeunyoosha. Baadhi ya mistari ya mchoraji Piet Mondrian huishia kabla ya ukingo. Milimita chache ukizikata, mstari unaonekana kama unaendelea nje. Na turubai zake zilizotundikwa kwa kona ziliwekwa hivyo naye mwenyewe. Msizizungushe.

Kuhusu hakimiliki: wengi wanatuambia mraba hauna mwenyewe. Sawa, umbo halina mwenyewe, lakini mpangilio wa maumbo una mwenyewe. Mondrian alifariki mwaka 1944, hivyo katika nchi za Ulaya zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo ulinzi wa kazi zake uliisha. Msanii wa michoro M. C. Escher alifariki mwaka 1972. Ulinzi wake huko unaendelea hadi mwisho wa 2042. Majengo nayo yamo. Piramidi ya kioo ya makumbusho ya Louvre, Paris, ilibuniwa na msanifu majengo I. M. Pei, aliyefariki mwaka 2019, na sheria ya Ufaransa ya mwaka 2016 inaruhusu picha za kazi kama hiyo iliyoko hadharani kwa watu binafsi wasiofanya biashara tu. Jengo kuwa barabarani si ruhusa.

Kila picha iletwe kwa faili mbili: ya asili kama ilivyotoka kwenye kamera, na iliyohaririwa. Fomu ijazwe kimo cha kamera kutoka ardhini, umbali hadi ukutani, urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi), na kila badiliko la umbo. Picha yenye kasoro hurudishwa na sababu, na mtumaji ana siku 30 kuirekebisha. Ikirudi na kasoro ileile, jalada linafungwa, ingawa anaweza kuanza upya. Akificha badiliko la umbo, picha zake zote husitishwa hadi zikaguliwe, naye hapokelewi kwa miezi 12. Mwenye haki akilalamika, picha huondolewa siku hiyohiyo na mtumaji hupewa siku 14 kuonyesha kibali. Madai ya kisheria, yakifuata, ni juu ya mtumaji kuyajibu.

Rufaa hupitiwa na ofisa ambaye hakuishughulikia picha mwanzo. Andika namba ya jalada na utaje kasoro iliyoandikwa kwenye barua ya kurudishwa. Kutuma faili ileile kwa jina jingine hakusaidii, kwa sababu faili za asili hulinganishwa kabla ya jalada jipya kufunguliwa.