Imethibitishwa wapi, kwa nani?

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii na mtu anayeandika sera kabisa: kwani shida nini, si sheria iseme tu walimu watumie mbinu zilizothibitishwa, basi? Jamani. Zimethibitishwa wapi, kwa watoto gani, zikilinganishwa na nini?

Marekani walishaliweka hilo neno kwenye sheria. Ile ya elimu ya shule ya 2015, inaitwa ESSA, imepanga ushahidi madaraja manne: la kwanza ni jaribio la kura, yaani nani apate mbinu mpya na nani asipate inaamuliwa kwa bahati nasibu, la pili kuna kundi la kulinganishia ila hakuna kura, la tatu ni uhusiano wa takwimu tu, na la nne inatosha kuwa na hoja inayoegemea utafiti pamoja na juhudi za kuja kuipima. Sasa muuzaji anaingia shuleni anasema programu yake ina ushahidi kwa mujibu wa sheria na wala hadanganyi, ila mwalimu mkuu anasikia la kwanza kumbe ni la nne! Hapo ndo huwa nachoka.

Na hata hilo la kwanza halikuvushi. Jimbo la Tennessee kuanzia 1985 walifanya jaribio safi, watoto na walimu wakapangwa kwa kura, madarasa ya watoto 13 hadi 17 yakayashinda kwa alama ya 22 hadi 25. California 1996 wakaanza kuzilipa shule zishuke hadi watoto 20, jimbo zima kwa mpigo, walimu hawakutosha wakaajiriwa wengi wasio na sifa kamili, vyumba navyo vikawa tabu, na faida iliyoonekana Tennessee haikujirudia vile. Utafiti haukukosea. Kilichopimwa kilikuwa darasa dogo lenye mwalimu aliyefuzu, na 20 siyo 15.

Jimbo la Mississippi 2013 walipitisha sheria ya kusoma, wakapeleka wakufunzi wakae na walimu kwenye shule dhaifu, na alama za darasa la nne kwenye mtihani wa taifa zikapanda. Ila sheria hiyohiyo inamkaririsha darasa la tatu mtoto asiyejua kusoma, vitu vyote vilikuja pamoja, kwa hiyo kusema kipi kilifanya kazi kiasi gani ni kugumu, na mimi hilo linaninyima raha kwa sababu kukaririsha ndiko rahisi kunakili kwenye karatasi, mkufunzi anataka mshahara kila mwezi.

Ndo maana ukiniletea rasimu ya sheria naanza na ukurasa wa bajeti, natafuta fungu la mafunzo ya walimu.