Wanafunzi wa vyuo wanapokwenda shehia kuhamasisha usafi wa kisima

Makundi ya wanafunzi wanaokwenda vijijini Pemba kuhamasisha wajibu wa jamii hujaza watu siku ya kwanza, na mwezi ukipita kijiji kiko vile vile. Mara nyingi kosa ni ujumbe mpana: usafi, mazingira na maendeleo, vyote kwa asubuhi moja. Chagueni kazi moja ambayo wenyeji wanaweza kuimaliza kwa mikono yao. Hapa tunachukua kisima cha kuteka kwa ndoo. Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar mwaka 1978 na tangu hapo kimerudi mara nyingi, na mvua za masika huingiza uchafu visimani.

Anzeni kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia. Barua ya chuo imfikie wiki mbili kabla, itaje kisima na kazi yenyewe. Yeye ndiye anayejua kisima kipi kimo katika shamba la mtu na nani hasemezani na nani. Mkimruka, mtapokewa kwa heshima zote na hapana kitakachofanyika.

Siku ipangwe kwa kuangalia bahari. Katika vijiji vinavyolima mwani, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maji hukupwa karibu na saa nne asubuhi, na wanawake wengi wako pwani shambani. Mkutano wa saa hiyo utajaa wanaume, na wengi wao hawateki maji. Njooni maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, au baada ya sala ya Alasiri. Msimu wa karafuu, ahirisheni tu. Kundi la watu sita hadi wanane linatosha, nusu yao wanawake, maana mambo ya choo na watoto yatasemwa uani, hayatasemwa barazani.

Hotuba iwe fupi, kisha nendeni kisimani pamoja. Tazameni kamba kwanza. Kila mtu akija na ndoo yake, kamba inalala kwenye tope, inakanyagwa na mbuzi, kisha inazamishwa majini. Dawa yake ni ndoo moja ya kisima na kamba moja, zikitundikwa kwenye nguzo, zisiguse chini. Halafu pimeni kwa hatua hadi choo cha shimo kilicho karibu. Umbali unaoshauriwa ni mita 30 au zaidi, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Katika ardhi ya maweni, kama sehemu nyingi za Micheweni, kaskazini mwa Pemba, msiwahakikishie watu kwa mita hizo peke yake: jiwe lina nyufa, na uchafu husafiri mbali bila kuchujwa na udongo. Huko hata kisima kinachoonekana safi maji yake yatiwe dawa nyumbani.

Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu. Koroga, funika, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha vitiwe vidonge viwili. Wengi huacha kwa sababu ya harufu, basi onjeni nyinyi mbele yao. Msigawe vidonge vya wiki moja mkaondoka. Onyesheni vinapouzwa na bei yake, la sivyo mmefundisha kungoja.

Kabla ya kuondoka, andikeni karatasi moja: nani atanunua kamba, nani atatengeneza sakafu ya saruji na mfereji wa kutolea maji, lini. Nakala moja abaki nayo sheha. Posho ya kuhudhuria msitoe, kundi litakalofuata litaulizwa hiyo kwanza.

Rudini baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya mvua kubwa ya kwanza. Idadi ya waliohudhuria haielezi kitu. Ombeni ruhusa, mwangalie kama chombo cha maji ya kunywa kina kifuniko, na kama kuna kata ya kuchotea yenye mpini au watu huchota kwa kikombe na mkono ukazama. Mkiwa na kipimo cha klorini, klorini katika maji ya nyumbani isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kipimo kikisoma sifuri, ulizeni maji yametiwa dawa lini kabla ya kumlaumu mwenye nyumba, kwa kuwa klorini hupungua yenyewe kadiri maji yanavyokaa.