Kanisa la O Cebreiro: achana na kikombe, sikiliza kengele

Watu wakijua nashughulika na makanisa ya zama za kati, swali ni lilelile, eti kile kikombe cha muujiza kipo kweli? Kipo, kiko O Cebreiro, kakijiji ka mlimani Galicia, Hispania, mita kama 1,300 kwenda juu, kwenye Camino, njia ya mahujaji wanaokwenda Santiago de Compostela, na ukifika pale magoti yameshakusema vya kutosha.

Kisa kinasimuliwa hivi: mnamo 1300 mkulima wa Barxamaior, kijiji cha jirani, alipanda kwenye theluji na upepo kuwahi misa, padri akamcheka moyoni, yaani mtu mzima anajitesa hivi kwa kipande cha mkate na tone la divai? Mkate ukageuka nyama, divai ikawa damu ndani ya kikombe kile. Sanamu ya Bikira Maria nayo wanasema iliinamisha kichwa ichungulie. Malkia Isabel wa Castile alipita 1486 akaacha vichupa vya kuhifadhia masalia ya muujiza huo.

Haya, ila mi nikiingia mle nakodolea macho kuta. Jengo fupi, nene, mawe matupu, limejikunyata kama mtu aliyeshikwa na baridi, na baridi ndo sababu yenyewe. Mwaka 1072 mfalme Alfonso VI aliwakabidhi watawa wa Aurillac, Ufaransa, hospitali ya pale, na hospitali enzi hizo usifikirie sindano, ni pa kulala, chakula na moto basi. Ukungu ukishuka watawa walikuwa wanapiga kengele, aliyepotea afuate sauti. Kwa maoni yangu kengele ndo imelilisha kanisa hili kuliko kikombe, maana karne ya 19 watawa walipoondoka na wapita njia kukauka, muujiza ulikuwepo palepale na kanisa likachakaa tu.

Aliyelifufua ni paroko, Elías Valiña, alifika 1959. Alisimamia ukarabati, akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu njia hiyo, halafu 1984 akapakia madebe ya rangi ya njano kwenye gari lake akaenda kuchora mishale kwenye mawe, miti na kona za nyumba, ile ile mishale mnayoiona kila picha ya Camino. Wanasimulia polisi walimkuta huko milima ya Pyrenees, mpakani na Ufaransa, na brashi mkononi wakamuuliza unafanya nini wewe mzee, akawajibu anaandaa uvamizi mkubwa kutoka Ufaransa.