Kujifunza lugha kwa kozi ya mtandaoni: dhana potofu na ukweli wake

Tovuti ya kozi hukuonyesha asilimia ya masomo uliyomaliza, siku ulizoingia mfululizo na alama ulizokusanya. Vyote vitatu huhesabu ulichobonyeza. Hakuna kinachopima kama utaweza kumjibu mtu anayekusemesha, na hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapochipukia.

Dhana: Nikimaliza kozi nitakuwa nimeijua lugha

Zoezi la kuchagua jibu moja kati ya manne linakutaka ulitambue neno tu. Kulitoa kichwani pasipo kuonyeshwa ni kazi nyingine, nzito zaidi, na ndiyo unayoihitaji unapozungumza. Hata asiyejua chochote hupata robo ya majibu kwa kubahatisha. Ndiyo sababu mtu humaliza ngazi nzima kwa alama nzuri, kisha ulimi ukawa mzito anapoulizwa alifanya nini jana.

Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma habari tena na tena na waliojipima bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwapita. Kusoma tena humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo hudanganya.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua somo jipya, funga skrini na uandike kwenye karatasi sentensi 5 za somo lililopita kutoka kichwani. Fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, kisha igeuze kila sentensi: badilisha nafsi, badilisha wakati, ikanushe. Zoezi likikupa majibu ya kuchagua, yafunike kwa mkono, sema jibu lako kwa sauti, ndipo ufunue. Utakosea zaidi na alama zitashuka. Ziache zishuke.

Dhana: Dakika 15 kwa siku zinatosha

Piga hesabu. Dakika 15 kila siku kwa mwaka mzima ni kama saa 91. Foreign Service Institute, taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, kwa miaka mingi imekadiria saa 600 hadi 750 za darasani kwa Kihispania au Kifaransa, takribani 900 kwa Kiswahili, na 2,200 kwa Kichina, Kijapani, Kikorea au Kiarabu. Hayo ni makadirio kwa wasemaji wa Kiingereza wanaotaka kufanya kazi kwa lugha hiyo. Msemaji wa Kiswahili ana ramani yake: Kiarabu kitampa maneno mengi anayoyajua tayari, kama kitabu, wakati na habari, ingawa mwandiko na sarufi vitabaki kumsubiri.

Kwa dakika 15, saa 600 huchukua zaidi ya miaka sita na nusu. Kwa saa moja kwa siku, hazifiki miaka miwili. Saa hiyo si lazima iwe ya mfululizo; vipande vitatu vya dakika 20 vinafaa, mradi kimoja kiwe cha kuzungumza au kuandika. Kukaa saa saba kila Jumapili ndiko kusikofaa, kwa sababu siku sita za katikati zinatosha kufuta sehemu kubwa ya ulichokipata.

Dhana: Kusahau maneno ni dalili ya akili nzito

Kila mtu husahau, na kwa kasi kubwa zaidi katika saa na siku za mwanzo. Hermann Ebbinghaus alilipima jambo hili kwa kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Dawa ni kurudia neno linapokaribia kupotea, na kila ukilikumbuka urefushe muda: siku 1, kisha 3, kisha 7, kisha wiki 2, kisha mwezi. Ukilikosa, lirudishe mwanzo. Programu za kadi za kujipima, zenye swali mbele na jibu nyuma, hufanya hesabu hiyo zenyewe. Visanduku vitano vya kadi za karatasi nyumbani, kimoja kwa kila muda, hufanya kazi ileile.

Wanaoacha njia hii kwa kawaida wamekwama katika moja ya mambo mawili. La kwanza ni pupa. Maneno mapya 10 kwa siku, baada ya wiki kadhaa, huzaa marudio takribani 70 hadi 100 kila siku. Ukianza na 30 utazama. Marudio yakikulemea, simamisha maneno mapya mpaka deni liishe, lakini usiache marudio. La pili ni kadi mbovu: neno moja mbele, tafsiri yake nyuma. Andika sentensi fupi yenye pengo, jambo moja tu kwa kadi moja, na uongeze sauti.

Dhana: Maneno 2,000 yanatosha kusoma chochote

Katika Kiingereza, maneno 2,000 yanayotumika zaidi hufunika takribani asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Inasikika vizuri mpaka ufikirie maana yake: katika kila maneno matano, moja hulijui, na mara nyingi ndilo lililobeba habari. Mtafiti wa msamiati Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kuelewa asilimia 98 ya maneno ya riwaya au gazeti kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo huhesabiwa kuwa moja. Anza na hayo 2,000 bila kusita, lakini soma maandishi yaliyorahisishwa kwa wanafunzi kabla ya kuvamia riwaya.

Dhana: Kipaza sauti cha tovuti kikikubali, matamshi yangu ni sahihi

Programu ya kutambua sauti imeundwa kukisia ulichokusudia, hivyo husamehe mengi ambayo msikilizaji hatayasamehe. Kiswahili kina irabu tano, na sikio lililozoea tano huzisikia za kigeni kama jamaa zao wa karibu: *ship* na *sheep* za Kiingereza huwa kitu kimoja, *tu* na *tout* za Kifaransa vilevile. Katika Kichina, *ma* ni mama au farasi kutegemea toni, yaani jinsi sauti inavyopanda au kushuka.

Sikio hutangulia ulimi. Chukua sauti ya sekunde 5 hadi 10 iliyosomwa na mzawa wa lugha, isikilize mara tatu ukiandika imla, kisha linganisha na matini. Neno lililokupita ndilo somo lako la leo. Baadaye jirekodi ukisema sentensi hiyohiyo na uzisikilize sauti mbili kwa kufuatana. Redio inayonguruma chinichini ukiwa na shughuli nyingine haifanyi kazi hii.

Dhana: Watu wazima wamechelewa

Watoto huwazidi watu wazima katika lafudhi baada ya miaka mingi. Mwanzoni, mtu mzima huenda haraka zaidi kwenye sarufi na msamiati, kwa kuwa anajua kujifunza kwa makusudi.

Dhana: Cheti cha tovuti kinathibitisha kiwango changu

Ngazi za A1 (anayeanza) hadi C2 (aliyebobea), zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, hueleza kile mtu anachoweza kufanya kwa lugha. Tovuti yoyote inaweza kuandika B1 juu ya kozi yake. Vyuo na waajiri kwa kawaida hudai mtihani rasmi, kama DELF kwa Kifaransa au Goethe-Zertifikat kwa Kijerumani. Hata mitihani hiyo ina mipaka: JLPT, mtihani wa Kijapani, haina sehemu ya kuzungumza. Ukitaka kujua ulipo, pakua karatasi ya mfano kutoka kwa waandaaji wa mtihani, weka saa, na uifanye yote kwa mkupuo mmoja bila kamusi.