Neno "Mafuta" Ndilo Linalotuponza

Jumamosi kijana aliingia duka langu la dawa hapa Kondele, Kisumu, kifua mbele, kurudisha pakiti ya kondomu iliyobaki na moja. "Daktari, hizi ni feki. Zimepasuka zote." Nikamuuliza alikuwa amepaka nini. "Vaseline kidogo tu, ndiyo zisipasuke."

Zisipasuke! Huyo ni wa tatu mwezi huu. Naandika ili wa nne nimpe simu asome mwenyewe, mimi niende kunywa chai.

Kosa naliona kwenye ulimi wetu. Kila kinachoteleza tunakiita mafuta. Ya kupikia ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, ya gari ni mafuta, na mtu akija kununua jeli ya chumbani ananong'ona, "Nipe yale mafuta." Siku hana pesa ya jeli, anatafuta ndugu yake nyumbani: Vaseline, mafuta ya mtoto, ya nazi, hata yaliyo kando ya jiko. Kwake yote ni ukoo mmoja.

Kondomu nyingi ni za mpira wa utomvu, na mpira huo hunywa mafuta, ukalegea. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walizipaka kondomu mafuta ya madini kwa sekunde 60, wakakuta nguvu zake zimepungua kwa asilimia 90 hivi. Sekunde 60. Hata wale wa haraka haraka hawaponi. Na usitegemee macho: kondomu iliyolegea haina alama, utajua ikishapasuka. Dawa kadhaa za fangasi za kutia ukeni nazo zina mafuta, kwa hiyo ukiwa kwenye dozi uliza kabla ya kuitegemea kondomu.

Mjuaji ataniambia, mbona kondomu yenyewe hutoka kiwandani imepakwa mafuta ya silikoni? Kweli, yanaitwa mafuta, ila silikoni haiudhuru mpira. Tazama jina lilivyotuchanganya tena. Kondomu ya kike ya naitraili nayo inastahimili mafuta. Lakini hata bila kondomu Vaseline siipendi huko ndani: haioshwi kwa maji, na utafiti wa Los Angeles uliotoka 2013 ulikuta wanawake walioitumia walikuwa na maambukizi ya bakteria ukeni zaidi kidogo ya mara mbili ya wasioitumia.

Sasa wale waliosoma kidogo husema: basi nunua jeli ya maji, hadithi imeisha. Haijaisha, na hapa ndipo nachoka hata na wenzangu wa kaunta. Tengeneza kachumbari. Kata nyanya na vitunguu, tia chumvi, nenda ukapokee simu. Ukirudi, bakuli linaogelea: chumvi imevuta maji kutoka ndani ya mboga. Jeli iliyojaa gliserini au propilini glaikoli huvuta maji ya mwili vivyo hivyo. Utando wa uke una tabaka nyingi za seli, unajitetea. Wa njia ya nyuma una tabaka moja tu, na ndio unaoumia zaidi.

Mvuto huo unapimwa, na kipimo chake huitwa osmolaliti. Maji ya mwili huwa karibu na 290. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri jeli isizidi 380, na kwa kuwa nyingi sokoni huzidi hapo, likavumilia hadi 1200. Zipo zinazopita 2000, tena zina majina makubwa. Namba yenyewe nadra kuiona kwenye boksi. Mimi nasoma viambato: nikikuta gliserini au glaikoli imefuata maji moja kwa moja, nairudisha kwenye rafu. Hiyo si sayansi, ni kukisia kwa adabu. Kwa uke tafuta pia kipimo cha asidi (pH) cha 4.5 hivi, kwa nyuma, kati ya 5.5 na 7.

Nikiri jambo. Ushahidi mwingi hapa umetoka kwenye seli za maabara na, msicheke, konokono wasio na gamba. Wabelgiji huwaweka juu ya bidhaa na kupima ute wanaotoa. Wakiwashwa, hutoa mwingi. Kwamba mtu fulani alipata virusi vya Ukimwi kwa sababu ya jeli kali, hilo halijathibitishwa. Lakini mimi naishi Kisumu, na sisi pamoja na Siaya na Homa Bay tuko miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi nchini, kwa hiyo sisubiri konokono wamalize ushahidi. Na ile habari kwamba gliserini hulisha fangasi? Huwaambia wateja kwa ujasiri nisiokuwa nao.

Ukiona N-9 (nonoxynol-9) kwenye boksi, acha. Ni dawa ya kuua mbegu, na utafiti wa Nairobi uliochapishwa 1992 ulikuta sponji zake ziliwaletea wanawake vidonda bila kuwakinga na virusi. Jeli za kutia ganzi pia acha: maumivu yana habari ya kukupa. Mate hayapasui kondomu, ila hukauka kabla hujamaliza kujisifu. Na akina baba, mkeo anayenyonyesha au aliyekoma hedhi akiwa mkavu, hajakuchoka. Ni homoni zimeshuka. Mnunulie jeli.

Yule kijana sikumrudishia pesa. Nilimuuliza zilipasuka lini. Jana usiku. "Omera, achana na pesa. Una saa 72 tangu zipasuke za kuanza dawa za kuzuia virusi, na kila saa ikipita zinapungua nguvu. Utameza siku 28. Nenda hospitali sasa hivi, uende na mwenzako. Naye P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, asingoje kesho." Akatoka mbio, nikashukuru. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na ya nazi, daktari? Si hayo ni ya asili?"