Tairi za skeitibodi hapa Mtwara: tunavyodanganyana

Kila dogo akipata skeitibodi hapa mjini cha kwanza anauliza tairi ngumu zinapatikana wapi, maana kaona kwenye video jamaa wa Marekani wanaruka ngazi na vitairi vidogo vyeupe basi anajua ngumu ndo inakimbia. Hata mimi nilikuwa hivyohivyo, nikanunua 52 mm zenye 101A, nikatoka Ligula naelekea Shangani, aisee meno yaligongana mpaka nikashuka nikabeba ubao kwapani.

Ukweli uko hivi. Ile namba yenye A ubavuni ndo ugumu: 78A mpaka 87A ni laini, 95A mpaka 101A ni ngumu. Ngumu raha yake ni sakafu ya niru. Kwenye lami yetu hii ya kokoto zimechomoza, tairi laini inabonyea inapita, ngumu inarushwarushwa na kila ikirushwa inakula spidi. Kwa hiyo "ngumu ndo inakimbia" ni kweli, ila kwenye niru.

Halafu wengine wanajua kubwa ndo laini. Hapana, ukubwa ni habari nyingine, zipo 60 mm ngumu kama jiwe. Kubwa faida yake inapita kijiwe ambacho 52 inakigomea. Ila ubao ukiwa chini sana, ukikata kona tairi inagusa mbao inakwama hapohapo, wewe unaendelea na safari peke yako, so weka kipande cha plastiki cha kuinulia kati ya ubao na chuma kinachoshika tairi.

Sasa hii ya ABEC, ile namba ya kwenye beringi, ndo imewalia hela wengi. Muuzaji mmoja aliniapia ABEC 9 inakimbia kuliko 5 na mimi nikatoa. ABEC ni kipimo cha usahihi wa kuchonga beringi tu, sio spidi. Wiki mbili nazunguka karibu na bahari nikafungua moja, ndani rangi ya chai ya rangi, mchanga unakwaruza kwenye vidole. Siku hizi naosha kwa petroli nje ya nyumba, nakausha, tone la mafuta ya cherehani basi. Na ukibadili tairi usinunue beringi mpya kama za zamani ni nzima, karibu zote ni saizi moja, 608, zinaingia tu.

Zile 101A ninazo bado, baraza ya bibi ina niru safi, nazifunga akienda sokoni.